Ubao wa Wiki, Newala

Naanza na Jumamosi, kama lugha inavyohesabu.
Chaki imebaki ukubwa wa ukucha.
Ubao ni mlango wa kabati la marehemu baba,
bawaba zingali ubavuni.

JUMAMOSI, picha ya ngumi, ya Wachina.
Anatafsiri Chilumba, papo kwa papo.
Kichina hajui hata cha kuombea maji,
lakini mwaka wa kumi huu anatutafsiria,
na jambazi wake husema kama karani wa mizani:
"Korosho zako zina unyevu, mama. Rudi nazo."
Hapo ukumbi hupiga kelele
kuliko pale jambazi anapochinjwa.

JUMAPILI asubuhi, katuni. Mtoto mia mbili.
Asiye nayo alete kikombe cha korosho,
nami sitauliza ameziokota chini ya mkorosho wa nani.

Jumatatu hatuonyeshi.
Somoe hushusha shuka akalifua,
na kwa kuwa maji huku tunanunua kwa ndoo
hulifua kwa hesabu:
kwanza katikati, zinapokaa nyuso.
Pembe zingoje mvua.

JUMANNE, mapenzi, sehemu ya kwanza.
(Sehemu ya pili haikushuka na basi la Masasi.
Hili nimeliandika kwa herufi ndogo.)

JUMATANO.

Hapa mkono husita.
Wiki ya saba sasa naandika saa tu, bila jina.
Filamu imetoka ng'ambo ya Ruvuma,
ya Kireno, na Kimakonde kidogo cha huko,
inamhusu mwalimu anayedai mshahara wake.
Haijawahi kujaza benchi moja.
Lakini dakika ya arobaini na moja kuna soko,
na nyuma ya mwalimu anapita mtu,
gunia begani, shati la kijani.
Anageuka. Anatoka.
Sekunde tatu, nimezihesabu.

"Ndiye," alisema Bi Asumini mara ile ya kwanza,
wala hakupaza sauti.
Mdogo wake, Chitanda,
aliyevuka kwenda kutafuta kibarua cha kupalilia,
akiwa na shati jingine kabisa.

Somoe aliisimamisha picha.
Ikisimama, uso humeguka viraba viraba,
ikienda, haungoji mtu.
Bi Asumini alitazama viraba vile kwa muda,
kisha akasema: "Iache iende. Rudisha tu."
Tukarudisha.
Tukarudisha tena.
Chilumba aliweka kipaza sauti mapajani.
Mtu yule hasemi neno, atafsiri nini?

Kiingilio hutoa kamili, mia tano,
Somoe akikataa huiacha juu ya benchi.
Siku moja nilijitia ujasiri nikamuuliza:
na kama si yeye?
Alikuwa anamenya ming'oko.
Akamaliza kuumenya aliokuwa nao mkononi, akanipa.
"Basi ni wa mwenzangu," akasema.
"Naye atazamwe."

ALHAMISI, luku ikiruhusu.

IJUMAA ni mnada.
Bei ikipanda, picha mbili na jenereta la akiba.
Bei ikishuka, picha ya kuchekesha,
na daftari la madeni mlangoni.

Ukungu umeanza kupanda kutoka bondeni,
nao huufuta ubao kuanzia chini,
kwa hiyo Ijumaa huandikwa mara mbili.
Lakini leo narudi juu, kwenye mstari ule.
Wiki iliyopita benchi lilikuwa na watu watatu.
Mmoja alitoka Kitangari kwa bodaboda,
vumbi hadi kwenye kope,
na picha ya kitambulisho ndani ya mfuko wa nailoni.
Hakuuliza filamu inahusu nini.
Aliuliza soko linaanza saa ngapi.

Nani ana chaki?